Runinga ya Baba Kulwa na Hewa ya Duarani

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na r na l bado hunichanganya mpaka leo. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima. Lakini ninyi vijana mnaofungua runinga bapa mmeniuliza mara nyingi kazi ilikuwaje enzi za runinga zenye chogo. Kusimulia kwa mdomo siwezi. Watu wakinitazama, maneno hunikwama kooni. Basi nimeandika.

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, mjini Kahama, katikati ya miaka ya tisini. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi. Mbele waliuza redio, deki za video na betri, na nyuma kulikuwa na chumba cha ufundi chenye dirisha moja. Mwenye Duka alinitazama kutoka juu ya miwani.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Unaongea sana wewe?"

"Hapana."

"Vizuri. Nenda nyuma kwa Fundi Mkuu."

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Tinde, mrefu, mwenye vidole vilivyoungua ncha kwa risasi ya kuchomelea. Siku hiyo ya kwanza hakunipa kifaa chochote. Alinipa masharti matatu.

La kwanza lilikuwa la uhai. Chupa kubwa ya kioo iliyo ndani ya chogo huhifadhi umeme mkali hata baada ya runinga kuchomolewa. Kabla ya kugusa kitu unachukua bisibisi iliyofungwa waya, waya huo unaunganishwa na bati la chini, kisha unaichomeka ncha chini ya kifuniko cha mpira kilicho juu ya chupa. Unasikia "ta!" na umeme umekwisha. Mkono wa pili unakaa mfukoni wakati wote, ili umeme ukikupata usikatize kifuani.

La pili lilikuwa la kusoma picha. Picha ikigeuka mstari mmoja mlalo katikati ya kioo, sehemu inayoivuta juu na chini imekufa. Ikisinyaa pande zote nne, ndani umeme hautoshi, na mara nyingi kapasita kubwa, ile inayotuliza umeme usitetemeke, imekauka.

"Na la tatu," alisema, "mbele ya mteja mdomo ni mmoja. Wangu. Mafundi wawili wakibishana, mteja anabeba runinga yake anaondoka."

Hilo la tatu kwangu lilikuwa rahisi kuliko yote.

Mwezi wangu wa tatu kazini, mimi na Fundi Mkuu tulipelekwa na pikapu ya duka hadi kwenye machimbo, mbele ya Geita. Aliyetuita alikuwa mwenye duara, yaani mwenye shimo la dhahabu, na nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka shimoni. Wote walimwita Baba Kulwa. Mwanawe Doto, pacha wa Kulwa, alikuwa ameoa mwezi uliopita, na mchana ule wakwe walikuwa wanakuja kutazama kanda ya harusi. Ng'ombe alikwishachinjwa, viti vimepangwa, na runinga imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Ilipowashwa, picha ilikuwa imeachia ukanda mweusi kila upande.

"Tazama, fundi," alisema Baba Kulwa. "Harusi nilifanya kubwa. Hii ni ya nani?"

"Kapasita," alisema Fundi Mkuu papo hapo. "Nusu saa tu."

Akanipa mita, kile kipimo cha umeme chenye mshale, nipime kwenye soketi huku yeye akifungua skrubu za nyuma. Umeme wa jenereta ulipaswa kuwa mia mbili na ishirini. Mshale ulisimama kwenye mia na themanini. Nilisubiri kidogo. Ukashuka hadi mia na sabini na tano.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kapasita haiwezi kushusha umeme wa ukutani; kitu kingine kilikuwa kinaunyonya. Lakini mteja alikuwa amesimama pale, na fundi alikwishatamka kapasita. Nikaiweka mita kwenye mfuko, nikashika tochi.

Tuliondoa umeme wa chupa, tukafungua, tukachomelea kapasita mpya. Tulitumia karibu dakika arobaini. Tulipowasha, picha ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

Mama Kulwa alichungulia kutoka mlango wa uani, mwiko mkononi. "Jamani, bibi harusi amekonda hivyo! Wazazi wake watasema tunamnyima chakula."

Watu walicheka. Fundi Mkuu hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Katazame jenereta," aliniambia.

Jenereta lilikuwa nyuma ya nyumba, likinguruma kwa shida kama gari linalopanda mlima. Nyaya mbili zilitoka pale. Moja iliingia ndani. Nyingine ililala mchangani kuelekea duarani, nami nikaifuata.

Mdomoni mwa duara alikaa Masanja, mzungusha winchi ya kamba. Kando yake kulikuwa na feni kubwa ya umeme, na kutoka kwenye feni ulishuka mfuko mrefu wa turubai wa kupeleka hewa chini. Mfuko huo unapaswa kuvimba kama utumbo uliojaa. Ulikuwa umelala bapa kwenye matimba, magogo yanayozuia udongo. Niligusa mota ya feni nikarudisha mkono. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Chini kuna watu?"

"Watatu. Kulwa na wenzake. Asubuhi walipiga baruti, sasa wanatoa mawe."

Moshi wa baruti hukaa shimoni. Bila hewa ya kuusukuma, mtu husikia usingizi tu, asiamke.

"Feni haizunguki," nilisema.

"Wewe huisikii inavyonguruma?"

"Inanguruma, lakini haizunguki. Tazama mfuko."

Masanja alitazama, akatabasamu. "Ng'wanawane, mwanangu, fundi wa redio amekuja kunifundisha duara! Wakichoka watatikisa kamba."

"Wametikisa?"

"Bado."

"Tangu saa ngapi?"

Aliitazama kamba, na tabasamu likamtoka. "Nikiwapandisha bila amri ya Baba Kulwa, kesho sina kazi. Nenda kamwambie. Kimbia."

Nilikimbia. Sebuleni wakwe walikuwa wameshafika. Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye viti, Baba Kulwa akisalimiana nao polepole kwa heshima, habari za safari, za ng'ombe, za mvua. Nilisimama mlangoni, shati limelowa. Fundi Mkuu alinitolea macho. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Kijana, toka nje," alisema kwa sauti ya chini.

Nilijiona nikigeuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Kisha nikapiga kelele, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kinywani mwangu: "Kulwa hana hewa!"

Pale machimboni kutamka maneno kama hayo ni uchuro. Mkwe mmoja alishika kichwa. Baba Kulwa alisimama kwa hasira. "Nani kakuruhusu kumtaja mwanangu hivyo?"

Lakini Mama Kulwa alikuwa amesikia. Aliuacha mwiko ukianguka, akapita katikati ya wakwe bila kuomba njia. Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea mdomo wa duara; walisema dhahabu hukimbia. Alifika hadi ukingoni, na Masanja hakumzuia. Aliita jina la mwanawe shimoni. Hakuna aliyejibu.

Masanja aliteremka kwa kamba, kitambaa kilicholowa maji mdomoni, na sisi tukashika winchi: Baba Kulwa, Fundi Mkuu, wakwe wawili na mimi. Sijui tulizungusha muda gani. Wa kwanza kutoka alikuwa Kulwa, amefungwa kwapani, shingo imelegea, midomo imebadilika rangi. Kisha wa pili, akitapika. Kisha wa tatu na Masanja, wameshikana.

Mama Kulwa alimlaza mwanawe kivulini akampepea kwa kanga, akimwita bila kupumzika. Sisi tulisimama tu. Baada ya muda mrefu Kulwa alikohoa, akafumbua macho.

"Wakwe wamefika?" aliuliza.

Mkwe mkubwa aliketi mchangani akalia.

Fundi Mkuu alichomoa waya wa feni na kuifungua pale pale. Beringi ilikuwa imekwama kwa vumbi, na mota iliyokwama ndiyo iliyokuwa ikinyonya umeme. Tuliporudi ndani kuchukua vifaa, runinga ilikuwa bado inawaka. Picha ilikuwa imejaa kioo chote, na watu wa harusi wakicheza mbele ya viti vitupu.

Baada ya Kahama nilihamia karakana moja ya Shinyanga mjini, chini ya Msimamizi aliyependa risiti kuliko runinga. Baadaye nilirudi Kahama nikafungua meza yangu mtaa wa Nyasubi. Zilipokuja runinga bapa nilijifunza taa zake za nyuma ya kioo na vipande vyake vidogo kama mchele, hadi macho yalipokataa. Mwaka jana nilifunga meza.

Kitu cha kwanza nilichofanya nikiwa mstaafu ni kwenda Tinde kumwona Fundi Mkuu. Amezeeka, anatembea na fimbo. Nilimwambia jambo nililolificha miaka yote: kwamba niliuona mshale wa mita kabla hatujachomelea, nikakaa kimya dakika arobaini wakati Kulwa yuko chini.

Alilaza fimbo magotini, halafu akasema, "Hata mimi niliuona. Nilikuwa nyuma yako. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mteja ni kapasita."

Tulikaa. Mke wake alileta chai, ikapoa.

Ninyi mnaoishika kazi hii sasa, na kazi nyingine yoyote, nawaomba mniandikie. Nielezeni mlichokiona mkanyamaza, na alikuwa nani aliyekuwa chini. Hata mwandiko ukiwa mbaya kuliko wangu, nitausoma.