Aliyemwogesha Mtoto

Daktari wa kwanza alitumia muda mfupi kuliko ninaotumia mimi kuchagua nyanya. Alitazama picha ya kichwa cha mwanangu wa wiki sita, akaona damu kwenye ubongo. Akammulika macho, akaona damu na huko. "Huyu ametikiswa," akatamka. Kisha akauliza ni nani anayemwogesha.

Nilikuwa uzazini, nyumbani kwa mume wangu, kijijini Kibosho, na huku mzazi haoshi hata kijiko. Mama mkwe ndiye hupika mtori wa ndizi na nyama, hufua nepi, huogesha mtoto. "Bibi yake," nikajibu, na Mungu anisamehe, sikusikitika. Alikuwa amenichosha kwa mtori wake na maneno yake.

Mama mkwe akasema taratibu, "Daktari, kitovu chake kilivuja damu. Na juzi pua. Andika basi na hayo."

Hakuandika. Bingwa wa picha atamsikilizaje bibi aliyevaa viatu vya mpira? Polisi wakaitwa, bibi akakaa mahabusu siku mbili.

Wodini mtoto alitolewa damu mguuni, na pale penye sindano pakaendelea kuvuja. Muuguzi alibadilisha pamba mara tatu, akailaumu pamba. Mwenye macho haambiwi tazama, eti! Pale tulikuwa na macho sote, nami nilikuwa nimetoa mimacho.

Siku ya tatu alikuja daktari mwingine, mama mtu mzima. Aliiona pamba kabla ya picha, akaomba kadi ya kliniki. Mahali pa vitamini K, sindano wanayochomwa watoto wakizaliwa ili damu igande, palikuwa patupu. Nilijifungulia njiani, ndani ya gari la jirani, na baadaye hakuna aliyekumbuka kuuliza. Damu ilipopimwa, haikuganda. Mtoto akachomwa sindano hiyo, kuvuja kukakoma.

"Picha inaonyesha damu," yule mama alisema. "Haionyeshi mkono wa mtu."

Daktari wa kwanza alisema kitaalamu hakukosea. Kumwomba bibi radhi, labda hakusomea.

Mtoto sasa anakimbia. Mama mkwe hajawahi kunilaumu. Ila kila anapotaka kumwogesha, huchota maji, huweka kigoda kando ya beseni, kisha huniita.

"Mwanangu, njoo ukae hapa uone."

Naenda, nakaa, na najichukia.