Bibi Aliyeitikia Jina Lisilo Lake

Nilikuwa nesi mwepesi, na nilijijua. Kwenye wodi ya wanawake ya hospitali moja huku Temeke, ambayo sitaitaja, wenzangu walinisifu kwamba kabla hawajamaliza kuniagiza nimeshafika. Niliipenda sana sifa ile. Wanaosema haraka haraka haina baraka, nilikuwa nawajibu, hawajaachiwa wagonjwa ishirini na nane na manesi wawili.

Siku hiyo wagonjwa wawili walikuwa wanasubiri kuongezewa damu, wote wazee. Mmoja alilala kitanda cha dirishani. Wa pili, bibi wa Newala aliyekuja Mbagala kuishi kwa mwanawe, alilala katikati ya wodi na joto lilimtesa. Asubuhi, nikiwa nagawa dawa upande mwingine, wazee wale wakabadilishana vitanda wenyewe, kwa kuhurumiana tu, ili bibi wa Newala apate upepo. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Wagonjwa niliwajua kwa vitanda vyao.

Saa nne maabara wakaleta pakiti ya damu ya mgonjwa wa dirishani. Utaratibu wake tulifundishwa mpaka tukauota: manesi wawili mnakwenda pamoja kitandani, mgonjwa anataja majina yake matatu kwa mdomo wake mwenyewe, mnalinganisha na faili, na utepe wa jina anaofungwa mkononi, na maandishi ya kwenye pakiti. Mwenzangu alikuwa mezani anajaza fomu za wanaoruhusiwa. Nikamsogezea karatasi.

"Shoga, nitilie sahihi hapo, namtundikia bibi wa dirishani."

Akatia sahihi bila kunyanyuka. Utepe wa bibi wa Newala nilikuwa nimeukata mimi mwenyewe jana yake nikitafuta mshipa, na mwingine sikumfunga. Nikaenda peke yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamtajia jina lililoandikwa kwenye pakiti. "Ndiye wewe, eti?"

"Ndiyo, mwanangu."

Nikatundika. Nilitakiwa nikae naye dakika kumi na tano za mwanzo. Nilikaa labda tatu, nikaenda kusafisha kidonda cha mgonjwa mwingine.

Mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekuja kumwangalia, ndiye aliyenifuata. "Sista, mama anatetemeka. Anasema kiuno kinamkatika."

Nilimkuta ameshikilia chuma cha kitanda, meno yanagongana, mwili wa moto. Nikaifunga damu, nikatoa mpira wote, nikamwekea maji mapya, nikaita daktari. Halafu nikamuuliza yule mkwe mama yake anaitwa nani. Akataja majina matatu. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye ile pakiti. Ndipo nikajua wazee walikuwa wamebadilishana vitanda, na damu niliyomtundikia haikuwa yake.

Kwa siku tatu mkojo wake ulitoka kama kahawa, na daktari hakutaka kusema kama figo zitapona. Nikifika kazini, kabla hata sijabadilisha nguo, nilikuwa napita kwanza kuangalia mfuko wa mkojo. Niliogopa kumuua, na niliogopa kufukuzwa, na naona haya kusema kwamba zipo saa ambazo hofu ya pili iliizidi ya kwanza. Siku ya nne mkojo ukaanza kusafika.

Kwenye taarifa niliandika kwamba mgonjwa aliulizwa jina akakubali. Sikuandika nilimuuliza vipi, wala habari ya utepe, wala ya sahihi ya mezani. Matroni aliisoma, akatikisa kichwa, akasema wazee hawa kweli ni kazi, tuwe tunawauliza mara mbili. Nikaitikia, ndiyo, matroni. Mwenzangu naye hakuitaja sahihi ile, kila mmoja akimsitiri mwenzake.

Siku ya kuruhusiwa, bibi aliniita kitandani kwake akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkwewe alikuwa anafunga khanga kwenye mfuko, na matroni amesimama hatua mbili tu kutoka tulipo.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Ulivyoniita nilijua kabisa si jina langu. Lakini mtu umekuja kunisaidia, umevaa sare yako, nianze kukubishia? Nikasema basi, labda ndivyo mlivyoniandika huku. Nimekuponza kwa wakubwa zako."

Aliyasema kwa unyenyekevu wa mtu aliyevunja kitu cha wenyewe. Maneno niliyopaswa kuyasema yalikuwa machache na niliyajua yote: bibi, kosa ni langu, wewe hukutakiwa kujibu ndiyo wala hapana, mimi ndiye niliyetakiwa kukuuliza unaitwa nani. Matroni alikuwa amegeuka anasikiliza.

Nikampigapiga mkono. Kwa sauti ile tunayowafundishia wagonjwa, nikamwambia, "Haya bibi, yameisha. Siku nyingine usirudie."

"Sirudii tena, mwanangu," akasema, akanishukuru.