Moshi Mweusi Harusini

Kabla majirani wa Mishomoroni hawajawasimulia, acheni niseme mwenyewe.

Mchana wa harusi ya dadangu nilipewa kazi moja tu, kuangalia jenereta ya spika. Ilikuwa ikinguruma kinyonge, basi nikafungua kabureta na kutoa jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, nikaweka yenye tundu kubwa zaidi. Nilidhani petroli nyingi ndiyo nguvu nyingi. Jenereta ikatoa moshi mweusi, ukanipiga usoni nilipoinama kuitazama, kisha upepo ukaupeleka hemani kwa akina mama.

“Pilau inaungua,” mmoja akasema. Wote wakamwendea shangazi Rukia, aliyekuwa akipika. Badala ya kukiri, nami nikawafuata.

“Shangazi, moto haujazidi kweli?” nikamuuliza kwa upole.

Alifunua sufuria, na kila punje ilikuwa imesimama peke yake. Kisha akanishika kidevu, akanigeuza niwaelekee wageni.

“Na haya masizi ya puani mwako, mwanangu, nayo ni ya pilau yangu?”

Bi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.