Miche ya Bi Somoe Uwanjani

Enzi zetu, sisi tuliokulia Rahaleo, Mtwara, Idd Mosi ilikuwa ya nguo mpya na Idd Pili ilikuwa ya vumbi. Ukiona mtoto karudi nyumbani jioni ya Idd Pili na gauni lake bado jeupe, ujue alikuwa anaumwa. Sisi wengine tulirudi wekundu kuanzia nywele mpaka nyayo, meno tu ndiyo yanaonekana, kwa sababu tulikuwa tumetoka kwenye mbio za pikipiki.

Msifikiri uwanja wenyewe ulikuwa na jukwaa au geti. Lilikuwa shamba lililolala, njia ya kwenda Mikindani, ambalo wapanda pikipiki walilizunguka mpaka njia ikajichora yenyewe. Mstari wa kuanzia ulichorwa kwa unga wa muhogo, na mara nyingi kuku wa jirani waliudonoa kabla mbio hazijaanza. Pikipiki zilikuwa nne, mwaka mzuri tano, na moja ilikuwa ya baba yangu, fundi wa pikipiki pale Chuno. Aliiunda kwa vipuri vya pikipiki tatu zilizokufa, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Mama alimsindikiza kwa maneno yale yale kila mwaka: "Mwenda pole hajikwai, baba Zuhura." Na baba, huku anafunga kamba za viatu: "Kweli, ila hashindi vilevile."

Shamba lilikuwa la Bi Somoe, mjane wa Mikindani. Aliwaazima wapanda pikipiki kwa sharti moja, tena alilisema mbele ya watu wote: "Ntu akivunjika mfupa hapa, siku hiyo hiyo napanda mikorosho yangu, na mbio zimekwisha." Hakuwa anatania. Kila Idd Pili alikuja na miche yake kumi kwenye makopo ya maziwa, na jembe, akatandika mkeka penye kona kali, akakaa. Sisi watoto tulikula mihogo na pweza huku jicho moja liko kwenye pikipiki, jingine kwenye yale makopo. Niliichukia ile miche jamani! Baba yangu aliishi mwaka mzima akiingojea siku ile moja, na nilijua wazi kwamba uwanja ukienda, furaha yake inaondoka nao.

Mwaka mmoja mchanga ulizidi pale konani, matairi yakawa yanazama. Wakubwa wakapata wazo. Kwetu maganda ya korosho ni ya bure, kwa hiyo wakabeba magunia kutoka kwa akina mama wabanguaji, wakayamwaga kwenye kona ili matairi yashike. Sasa, hakuna mtu wa Mtwara asiyejua kwamba ganda bichi la korosho lina mafuta yanayobabua mikono. Ajabu ni kwamba wote waliwaza mikono, hakuna aliyewaza matairi. Jua likawaka, maganda yakakanyagwa, mafuta yakatoka, kona nzima ikateleza kama mlenda.

Baba alikuwa anaongoza. Aliingia kona, pikipiki ikaenda huku, yeye akaenda kule, akaangukia mkono wa kulia mbele kabisa ya mkeka wa Bi Somoe.

Bi Somoe akainuka, jembe mkononi. Mimi nikaanza kulia, na Mungu anisamehe, sikuwa namlilia baba. Nilikuwa naulilia uwanja.

Baba akasimama, akajipangusa maganda, akacheka. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba." Akahamishia jembe kushoto, akamnyooshea mkono wa kulia. "Nipe nkono, mwanangu."

Nani atampa mkubwa mkono wa kushoto, tena siku ya Idd? Baba akatoa ule ule wa kulia. Bi Somoe akaushika, akautikisa, akautikisa tena. Baba anatabasamu, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Nkono nzima huu," Bi Somoe akatangaza. "Endeleeni." Akarudi kwenye mkeka wake.

Ule mkono ulikuwa umevunjika. Mama alimlisha ubwabwa kwa kijiko wiki nyingi, na kila kijiko kilikuja na mwenda pole wake. Sisi tuliagizwa tukikutana na Bi Somoe tuseme baba kasafiri.

Miaka ikapita. Baba akiwa na mvi, nilimsindikiza kumwona Bi Somoe, amekwisha kuwa mtu wa kitandani. Baba akakohoa kidogo, akakiri yote. Bibi akacheka mpaka machozi.

"Nilijua. Niliusikia mfupa ukilia mkononi mwangu."

"Mbona hukupanda ile miche, mama?"

"Nipande? Kila mwaka nilikuwa naomba Mungu nirudi nayo nyumbani. Lakini nisingekaa pale na jembe, nyie mngeendesha kama wendawazimu."

Leo shamba lile limepimwa viwanja, limejaa nyumba za mabati ya rangi. Vijana wa bodaboda wanakimbizana kwenye lami, makoti mazito kwenye joto hili letu, kofia ngumu wamezitundika kwenye kiwiko, sijui ndiko akili zilikohamia. Mmoja akianguka, wenzake wanatoa simu kumpiga picha kabla mwenyewe hajajua kaangukia upande gani. Si watoto wabaya, na pikipiki zao ni nzuri kuliko zote alizowahi kuota baba. Ila nikiwaona wanapita pale palipokuwa na kona, macho yangu humtafuta mtu mmoja wa kuwakalia juani na miche na jembe, akiomba asiipande.