Sekunde Kumi na Moja za Levis

Teksi ilimshusha Velma kwenye msikiti ambao sio. Akatembea mitaa mitatu ya Muaither akiwa bado na gauni la kwaya, maana makanisa ya Doha husali Ijumaa, kuta ndefu za rangi ya mchanga kila upande na hakuna mtu wa kumuuliza. Mwaka mzima Doha siku zake za uuguzi zilikuwa kati ya wodi na chumba chake cha Al Mansoura; huku hakuwahi kufika. Hatimaye Levis akatokea kwenye geti la buluu na kumpungia mkono.

Levis alikuwa amefanya kazi ya ulinzi huko miaka tisa, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kusimama. Kila Mkenya aliyewahi kwenda kwenye sherehe ya kumuaga mwenzake Doha alimjua kwa gitaa lake na wimbo mmoja, "Ningoje, Nafula", roki ya mtindo wa zamani, gitaa likilia juu ya ngoma nzito. Watu waliuchukulia kuwa wa mapenzi. Katikati ala zote hukatika ghafla, halafu gitaa linarudi peke yake. Kwenye kimya hicho ndipo ukumbi hulipuka kwa miluzi.

Siku hiyo mkataba ulikuwa umeisha na Levis alikuwa anarudi Bungoma kabisa. Begi lilikuwa mlangoni. Herbert, aliyebandika magodoro ukutani na kukiita chumba chake studio, alishamrekodi. Kilichobaki, akamweleza Velma, ni yeye kuimba pale penye kimya.

"Sekunde kumi na moja, sister. Hakuna redio itacheza hiyo. Mtangazaji atadhani mitambo imekufa, aanze kusoma matangazo ya vifo."

Levis akacheka kidogo, akaenda jikoni kupika chai. Velma akamfuata kuosha vikombe. Huko Levis alimsimulia, uso wake ukiwa kwenye sufuria.

Nafula alikuwa kifungua mimba wake. Alikuwa na miaka sita homa ya mapafu ilipomchukua kwa siku mbili. Levis alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Aliomba ruhusa, akaambiwa amalize kwanza muda wa majaribio. Basi siku ya mazishi kakake alishika simu kule makaburini, naye akatazama akiwa kwenye kibanda cha walinzi, Al Rayyan. Aliliona jeneza, dogo, likiwekwa juu ya kamba. Picha ikaganda, sauti ikakatika. Gari likafika getini. Akaiacha simu kitini, akainua kizuizi, akapiga saluti. Magari yalikuwa manne, yamefuatana. Picha iliporudi kaburi lilishajaa na watu walikuwa wanaelekea kula.

"Zilikuwa dakika kama sita," akasema. "Nilitaka zote ziwe kwenye wimbo. Mpiga ngoma akasema watu wataenda nyumbani. Akanipa sekunde kumi na moja."

Velma akamuuliza mbona ameacha watu wapige miluzi miaka yote hiyo. Levis akasema wamefanya kazi wiki nzima, wamekuja kufurahi. "Ningewaambia nini, Velma? Nyamazeni?"

Chai ilipoiva Velma alirudi ndani akamwambia Herbert hataimba. Herbert alibisha, akamtania kwamba wanakwaya huringa, mpaka Levis mwenyewe akamweleza kwa maneno machache. Herbert akavua vipokea sauti, akakaa akiangalia sakafu.

"Pole, mzee. Sikujua." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ukisema niache, naacha. Lakini hautachezwa. Utaishia humu ndani."

Simu ya Levis ikaita. Dereva wa kumpeleka uwanja wa ndege alikuwa nje. Levis akaiangalia simu mpaka ikakata.

"Basi imba, dada."

"Niimbe nini, uncle?"

"Sijui." Alilichukua begi, akalitundika begani. "Mimi sijui waliimba nini pale. Sikusikia."

Velma alitafuta neno la kumwambia, akapata moja tu. "Safari njema, Baba Nafula."

Miaka yote Doha hakuna aliyemwita hivyo. Levis alisimama mlangoni kidogo, mgongo ukiwa kwao, kisha akatoka, na geti likasikika likifungwa. Herbert aliurudisha wimbo mwanzo. Ulipokaribia katikati akainua vidole kumhesabia, naye Velma, mbele ya kipaza sauti, akavuta pumzi bila kujua atatoa nini.