Mwahija, Mchagua Santuri wa Ngokolo

Wazee wa Shinyanga wakikumbuka harusi za miaka ya sabini wanamtaja Salehe Fundi. Wanasema hakuna mpiga santuri aliyejua kuwainua watu kama yeye. Salehe alikuwa fundi redio, na kweli mikono yake iliujua waya: amplifaya aliiunga mwenyewe, spika mbili za honi alizifufua kutoka kwenye chuma chakavu, na mashine ya santuri aliifanya iende kwa betri za lori. Lakini nyimbo hakuzijua. Aliyezijua ni mkewe, Mwahija binti Akida, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia la khanga, akimpitishia santuri moja baada ya nyingine kwa mkono.

Pazia lilikuwa wazo la Salehe. "Kuna walevi," alisema. "Sitaki wakukodolee macho." Mwahija wakati huo alidhani ni wivu, na wivu wa mume mpya si kitu cha kuchukia.

Santuri zilikuwa zake. Baba yake, mzee Akida, alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Isaka, na watu wa treni walimletea santuri kutoka Tabora, Mwanza na Dar es Salaam. Mwahija alikua akizifuta vumbi. Kabla hajajua kusoma alizitambua kwa rangi ya karatasi ya katikati. Mzee alipofariki mwaka 1971, kaka zake waligawana nyumba na baiskeli, yeye akaambiwa achukue sanduku la santuri, maana hakuna aliyelitaka. Mwaka uliofuata aliolewa na Salehe, akahamia naye Ngokolo, mjini Shinyanga.

Pale nyuma ya khanga aliacha upenyo wa kuchungulia, na alichotazama ni miguu. Kidole kikianza kugonga chini, alijua mwenye mguu huo amebakiza wimbo mmoja tu ainuke. Alianza na akina bibi kwa taarabu, kisha akawapa wazee wenye makoti nyimbo za chacha za polepole, kwa sababu vijana wakiuchukua uwanja mapema, wazee hawainuki tena. Wakati wa kutoa zawadi aliweka nyimbo laini, ili majina ya watoaji yasikike. Hayo hakufundishwa na mtu.

Harusi iliyompa Salehe jina ilikuwa kijijini Samuye, mwaka 1975, kwa mfugaji mmoja aliyeitwa Nkwabi, aliyekuwa anamwoza binti yake Justa. Watu walikuja wengi kutoka vijiji vya jirani, lakini waliziangalia zile spika kama ng'ombe wageni. Wanaume walisimama wameegemea fimbo zao. Salehe akaongeza sauti. Watu wakarudi nyuma.

"Zima," Mwahija akanong'ona.

"Nizime? Watasema mashine imekufa."

"Zima, nakwambia."

Salehe alipozima, kimya kikawa kirefu. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakaanzisha wimbo wao wa Kisukuma, wakipiga makofi na kukanyaga chini. Mwahija alisikiliza mwendo wa miguu yao, akifunguafungua sanduku, akatoa rumba iliyokwenda kwa mwendo uleule. "Weka sasa. Anza kidogokidogo." Muziki ukaingia chini ya wimbo wao, na walipotambua, walikuwa wameshacheza. Vumbi lilitanda mpaka bibi harusi asionekane.

Nkwabi alikuja kumshika Salehe mkono na kumshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, fundi! Wabeja sana! Una mkono wewe!"

Salehe akacheka, akazipokea sifa. Nkwabi akachungulia nyuma ya pazia. "Na huyu mama, amepewa chakula?"

"Huyu ni wa nyumbani," Salehe alijibu. "Atakula baadaye."

Mwahija alikuwa na mimba ya miezi saba. Waliporudi, ndani ya lori la pamba, alisubiri mumewe aseme neno. Salehe alilala njia nzima. Mtoto alipozaliwa, wa kike, walimwita Zamoyoni, na mtaa mzima ukaanza kuwaita Baba Zamoyoni na Mama Zamoyoni.

Waliendelea hivyo miaka minane. Kisha ikaja hali ngumu. Betri hazikupatikana, sukari ya harusi ikatafutwa kwa kibali, na watu wakaoza mabinti zao kimyakimya. Mwaka 1983 Salehe akasema anakwenda machimboni, upande wa Geita, ambako watu walikuwa wameanza kuchimba dhahabu kwa wingi na hawakujua kukaa kimya. Alichukua mashine, spika na nusu ya santuri. Alichagua mwenyewe zile zenye majalada mazuri.

Alikaa mwaka mzima na miezi kadhaa. Barua zilikuja mbili. Ya tatu ilisema: Njoo upesi na sanduku lote. Kuna harusi kubwa ya tajiri mmoja anayeitwa Maganga. Nakuhitaji.

Neno hilo la mwisho Mwahija alilisoma mara nyingi kuliko lilivyostahili. Alimpeleka Zamoyoni kwa mama yake Isaka, akashona gauni la kitenge, akapanda lori la mizigo kupitia Kahama. Siku mbili alikaa juu ya magunia akiwa amelipakata sanduku, asikubali liwekwe chini lisije likapigwa na magurudumu ya akiba.

Salehe alimpokea vizuri. Alikuwa amenenepa, amevaa saa. Ila hakumpeleka kwake; alimpeleka nyumba ya wageni, akamkalisha kwenye kiti, yeye akabaki amesimama.

"Mama Zamoyoni, harusi ya kesho ni yangu."

Mwahija akaliweka sanduku chini.

"Maganga ananipa mdogo wake, Mageni. Binti amesilimu Ijumaa iliyopita. Dini inaruhusu, wewe unajua."

"Na mimi umeniita nije kula pilau?"

Salehe akatazama chini. "Nimeshindwa kupiga. Tangu nije hapa watu wananiondokea uwanjani. Naweka huu, wanakaa. Naweka ule, wanakwenda zao kilabuni. Aliyekuwa anapiga ni wewe. Kesho Maganga ataalika watu wote wakubwa wa hapa, nami siwezi kuaibika mbele yake."

Miaka kumi na miwili ya ndoa Mwahija alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Sasa yamesemwa, na hakupata pa kuyaweka.

Lori la kurudi lilikuwa la Jumatatu. Angeweza kujifungia ndani mpaka siku hiyo. Badala yake alisema, "Nitapiga. Lakini nitakaa mbele, na jina langu litatajwa."

Salehe alifikiri kidogo. "Sawa. Jina tu."

Ndoa ilifungwa asubuhi, na karamu ikaanza saa nane mchana uani kwa Maganga. Mshereheshaji alitangaza: "Fundi wetu wa muziki leo ni Bibi Mwahija kutoka Shinyanga!" Watu wakacheka kumwona mwanamke kwenye mashine, kisha wakaacha kucheka. Walikuwa wanaume waliotoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, wenye udongo kwenye kucha, waliozoea kunywa wakiwa wameinama. Mwahija aliwatazama miguu, akawapa nyimbo za Kizaire za gitaa refu, akawapumzisha, akawapa tena. Walicheza hata wapishi. Mzee Maganga mwenyewe alivua koti. Salehe alikaa jukwaani anatabasamu kama mtu aliyetoa muziki huo mfukoni mwake.

Jua lilipoanza kupungua makali, bibi harusi aliinuka na kwenda kwenye mashine. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa, mikono imejaa hina.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Ahsante sana. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivi. Salehe ameniambia mmefahamiana zamani, ulikuwa ukiwapikia mafundi wake."

Mwahija alikuwa ameishika santuri, anaifuta. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo. Unaitwa mama nani, dada, nisikuite Mwahija kama mwenzangu?"

"Niite Mama Zamoyoni."

Tabasamu la Mageni likabaki mahali pake kwa muda, kama limesahauliwa. Jina la Zamoyoni alilijua. Pale nyumbani kwao wote walimwita bwana harusi Baba Zamoyoni, na aliambiwa kwamba mama wa mtoto huyo alikufa kwa uzazi.

"Wewe," akasema polepole, "umekufa."

"Hapana, mwanangu. Niko hapa, nakupigia muziki."

Mageni alirudi kwenye kiti chake. Hakulia, hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka watu walipoondoka, nao walidhani ni haya ya bibi harusi, wakamsifu kwa adabu. Mwahija alimtazama na hakuona furaha yoyote moyoni. Salehe alikuwa bado anatabasamu. Aliyechomwa alikuwa ni yule mtoto wa watu. Ndoa ilishafungwa asubuhi. Akaweka wimbo uliofuata, kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa.

Jumatatu alizikusanya santuri zote, alizokuja nazo na zile alizozichukua Salehe.

"Unaniachia mashine tupu," Salehe alilalamika.

"Mashine ni yako. Hizi ni za baba yangu."

Talaka ilimfikia Ngokolo mwezi wa tatu tangu arudi, imeletwa na dereva wa lori. Mwahija alijaribu kupiga peke yake. Eustace, mwenye baa moja ya mjini, alikuwa na mashine nzuri; Mwahija alikwenda kuiazima, naye akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza santuri hizo anaziuza kiasi gani. Hakuna aliyekuwa tayari kumwalika mwanamke aliyeachwa akapige kwenye harusi ya mwanawe. Walisema ni mkosi. Muda si mrefu kaseti zikaenea. Mwahija akaanza kukaanga vitumbua.

Mwaka 1988 alialikwa harusi ya jirani. Mpiga kaseti, kijana wa mjini mwenye miwani myeusi, alikuwa anawapigia watu disko tangu mwanzo, na akina bibi walikuwa wamekaa kwenye mikeka wameshika tama. Mwahija alivumilia nyimbo sita. Mwishowe akaenda kumwinamia.

"Mwanangu, wape wazee kwanza. Wale pale wamebakiza kidogo waondoke."

Kijana alinyanyua miwani, akamwangalia, akaicheka khanga yake yenye madoa ya mafuta. "Mama, kakae usubiri pilau."

Watu wa karibu walicheka pia. Mwahija aliwatazama akina bibi, akaona mmoja wao anavaa viatu, kisha mwingine. Naye akavitafuta vyake, akaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi jirani alimletea pilau kwenye sahani iliyofunikwa. Aliipokea, akashukuru, akawamwagia kuku.