Mlango wa gari la baba mkwe, na mkono wa mume wangu

Mwanangu ametoka kufumba macho sasa hivi, akapapasa mlango wa gari la babu yake taratibu, toka mbele kwenda nyuma, kama anavyofanya baba yake. Halafu akaja jikoni akaninong'oneza, "Mama, mlango una mabonde." Ana miaka minne. Nimemwambia, "Usimwambie baba." Akaniuliza, "Kwani baba hajui?" Ndiyo maana nimechukua simu niwaandikie nyie.

Admin nifichie jina, mume wangu ana marafiki humu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, naishi Mshangano hapa Songea, shule niliishia la saba, mnisamehe nikikosea kuandika. Mtoto nitamwita Beni. Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Niseme ni, au niseme alikuwa, hapo ndipo penye shida yangu.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la zamani sana, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda. Baba mkwe alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa kampuni ya barabara, mzungu alipoondoka akamwachia. Mzee alipofariki likabaki nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye siti. Majirani hutuuliza, "Hilo jeneza la mzungu mtalizika lini?" Mume wangu anacheka tu. Aliponioa ndiyo alikuwa ameanza kulirudisha. Ile mikanda ya nikeli inayopita ubavuni aliitoa mmoja mmoja, akainyoosha kwa nyundo ya mpira juu ya ubao, akaisugua mpaka ukiinama unaona meno yako, akaifunga kwenye vipande vya khanga zangu zilizochakaa na kuilaza chini ya kitanda chetu. Nilipokuwa na mimba ya Beni nilikuwa nalala juu ya hiyo mikanda, namtania kwamba mtoto atazaliwa anang'aa.

Kazi yake hakuwa anaipima kwa macho. Wenzake wakikuta bonde wanajaza puti, ule ujiuji wa kuzibia unaokauka, wanapiga msasa, yanaisha. Yeye alikuwa anarudisha bati lenyewe kwa nyundo, kidogo kidogo, halafu anafumba macho na kupitisha kiganja cha kulia. Alikuwa anasema, "Macho yanapenda kusifia. Kiganja hakina aibu." Na mimi alinifundisha. Alinishika mkono akaupitisha, tena na tena, mpaka nikaanza kusikia vilima ambavyo macho hayaoni.

Mwaka jana pale gereji jeki iliteleza, gari likamkalia mkono huo. Hospitali waliviokoa vidole vyote, tukamshukuru Mungu. Lakini mkono umebaki kama wa kuazima. Unashika nyundo, ila haujui umeshika nini. Juzi aliuegesha kwenye jiko la mkaa, mimi ndiye niliyesikia harufu. Daktari alimwambia kwa upole kwamba kama haujarudi mpaka sasa, asiutegemee. Tulipotoka nje akaniambia, "Umeanza kurudi. Nausikia kama siafu kwa mbali." Na mimi nikafurahi, maana moyo wangu ni mwepesi kuamini.

Basi akarudi kwenye gari. Bosi wake alimwambia, lete gari la mzee limepigwa rangi, mlango ukiwa umenyooka nafasi yako ipo. Tangu hapo ni kugonga. Anagonga, anafumba macho, anapapasa, anatabasamu. "Kama kioo," anasema. Mimi nikitoka kuanika nguo napita nagusa kidogo, na kila nikigusa mabonde yameongezeka. Jamani, mlango huu alikuwa ameshaumaliza kabla ya ajali. Ulikuwa umenyooka kweli, ila anasema anaumalizia. Sasa anauharibu yeye mwenyewe, kwa bidii.

Nilijaribu. Nilimwambia, "Baba Beni, wewe gonga, mimi niwe napapasa." Aliweka nyundo chini. "Kwa hiyo nishikiwe fimbo na mke wangu, kama kipofu?" Siku hiyo hakula. Nikamwambia basi papasa na wa kushoto, akasema wa kushoto ni mgeni, haujui lugha ya bati. Nilimpigia simu mama yangu kule kijijini Maposeni, akasema mume hafunuliwi, mwanangu, acha dunia imwambie yenyewe. Kwa hiyo akiniita nikaguse huwa nasema mikono ina unga, au ina mafuta. Anacheka, anasema nimekuwa mpishi wa harusi.

Leo dunia imefika. Rafiki yake mpiga rangi amekuja na kompresa yake ya kupulizia rangi kwenye toroli. Rangi ni nyeusi ya kung'aa, kama aliyokuwa nayo mzee, na nyeusi haifichi kitu. Jua likiipiga kila bonde litaonekana mpaka barabarani. Nimemvuta pembeni nikamwambia, "Shemeji, si unaona?" Akasema, "Nimeona toka njiani. Lakini nikishika puti atanifukuza, na nikisema atajua namdharau kwa sababu ya mkono. Mwambie wewe, wewe ndiye mkewe." Nikamwambia wewe ndiye fundi. Akarudi kwenye kompresa yake.

Nikisema umenyooka, utapigwa rangi, atalipeleka gereji, watamcheka mbele ya bosi, na jioni atakumbuka kwamba mimi mkono wangu unasikia. Nikisema haujanyooka, nitakuwa nimemwambia mkono wake umekufa, na nyundo sidhani kama ataishika tena. Nimeomba sana usiku na mchana siafu wale wawe wa kweli. Ndugu zangu, hasa wake za mafundi, ingekuwa ni wewe ungetoa neno gani?

Ananiita. "Mama Beni, leo sitaki habari za unga. Nawa mikono, njoo ufumbe macho uniambie."

Beni ameshatangulia kusimama pale kwenye mlango wa gari, ananitazama. Nimeshanawa. Nijibuni upesi jamani, nikishaweka kiganja pale na yeye anasubiri, nimwambie nini?